Siku ya Chemchemi Nyumbani Kwetu

Sisi wakazi wa Arusha tumezoea kuutumia Mlima Meru kama saa. Ukiwa wazi asubuhi tunaanika nguo bila wasiwasi, na ukijifunika wingu jeusi tunawaambia watoto wachukue masweta. Wageni wanaopita kwenda Ngorongoro au Kilimanjaro huupiga picha moja wakaendelea na safari. Lakini mlima huu wenye urefu wa mita 4,566 ndio unaotunywesha. Msitu ulioufunga kiunoni mwake hukamata mvua za masika na za vuli, na kutoka humo hushuka mito tunayoivuka kila siku bila kuitazama: Themi, Naura, Nduruma, Tengeru, Usa na mingine midogo isiyo na kibao cha jina. Maji hayo huingia Kikuletwa, yakafika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakafuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwa hiyo nepi chafu inayotupwa mtoni Sekei haibaki Sekei. Iko safarini, na njiani iko watu wanaochota.

Sisi ni familia ya kawaida. Siku za kazi tunakaa jijini, upande wa Moshono, baba akiwa gereji, mama akiwa wodini, na watoto shuleni. Kihamba cha wazee kiko juu ya Tengeru, mahali ambapo migomba na kahawa bado vinakaa pamoja chini ya miringaringa. Wasomaji wengi wa huku mtaitambua hali hii, mguu mmoja kwenye lami na mguu mwingine kihambani. Kina mama wenzetu wa kikundi cha kanisani walipotuuliza familia inaweza kufanya nini kwa ajili ya mazingira, wengine walitegemea tuanze na mambo ya mabadiliko ya tabia nchi. Sisi tulianza na ndoo ya maji ya kunywa.

Ndoo ya maji ya kunywa

Mlima Meru ni wa volkano, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Mawe yake yametupa udongo mweusi wenye rutuba, ndizi tamu na kahawa nzuri. Mawe hayo hayo yametupa pia madini ya floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, lakini baadhi ya mito na visima vya kuzunguka mlima huu vina mara nyingi ya hapo. Sehemu za Maji ya Chai na Ngare Nanyuki zinajulikana sana kwa jambo hili. Sisi wauguzi tunaliona mtoto anapocheka: meno ya kahawia, yenye madoa, ambayo mswaki hauyasafishi. Katika maeneo yenye floraidi nyingi zaidi, tunaliona katika miguu iliyopinda na migongo ya wazee isiyonyooka.

Mama mmoja alitujibu kliniki kwamba yeye hana shida, anachemsha maji. Kuchemsha ni jambo jema sana, na tusiache, kwa maana kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Lakini floraidi haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, madini yanabaki pale pale katika maji machache zaidi. Magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi nayo mara nyingi yana floraidi, kwa hiyo yule mwenye maji mabaya na magadi mengi anamwongezea mtoto mzigo mara mbili. Loweka maharage usiku kucha, utaona yanaiva vizuri tu bila magadi.

Dawa iliyo karibu ni paa la nyumba yako. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Meno ya ukubwani ya mtoto hujengeka ndani ya fizi tangu utotoni hadi kama miaka minane, na kama tanki lako ni dogo na halitoshi nyumba nzima, basi maji ya mvua yawe ya wadogo hao kwanza. Sisi tumeifanya kazi hii kuwa sherehe ya mwanzo wa masika. Jumamosi moja ya mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kabla mawingu hayajakusanyika, baba hupanda ngazi kusafisha mifereji ya bati, watoto wakubwa huingia kwenye tanki na brashi, wadogo hushika bomba na kulowana kuliko inavyohitajika. Mvua ya kwanza tunaiacha ipite kando ioshe vumbi na mavi ya ndege. Mvua ya pili ndiyo tunayoipokea, na siku hiyo jioni kila mtu hupewa kikombe kimoja cha maji mapya kabla ya chai. Baada ya hapo maji hayo nayo tunayachemsha, kwa kuwa paa ni paa. Watoto wetu wameikumbuka siku hiyo kuliko sikukuu zao za kuzaliwa, pengine kwa sababu ni siku pekee wanayoruhusiwa kulowana.

Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanyia utafiti kwa miaka mingi njia ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Chujio la aina hiyo hutengenezwa hata kwa ndoo. Mwenye maji ya kisima asiyeweza kununua tanki, aulizie huko. Jijini nako mradi mkubwa wa maji umeleta nafuu katika mitaa mingi, tunashukuru, ila bomba halijaondoa sababu ya kuutunza mlima.

Siku ya Desemba 27

Kama ilivyo kwa Wameru na Wachaga wengi, Krismasi hutukuta kihambani. Magari hujaa barabara ya Moshi, ndugu hutoka Dar es Salaam na Mwanza, na kwa siku tatu au nne nyumba ya Bibi hulala watu hadi jikoni. Hapo zamani siku ya 26 ilikuwa ya kula kilichobaki, na siku ya 27 ya vijana kuzurura na wazee kulalamika. Miaka kadhaa iliyopita tuliichukua siku hiyo ya 27 tukaiita Siku ya Chemchemi.

Chemchemi yenyewe ni ndogo. Inatoka chini ya mkuyu ambao mizizi yake imekumbatia jiwe kubwa, inajaza kisima kifupi cha mawe, kisha inateremka kuwa kijito. Kaya kumi na moja huchota hapo bomba linapokauka, na mwaka 2022, ukame ulipozidi na mvua za vuli zikatupita, walichota hata watu wa kutoka mbali ambao hatukuwajua majina. Bibi anasema alipoletwa pale kama bi harusi, maji yalikuwa yanafika magotini. Sasa yanafika kifundo cha mguu.

Kazi huanza saa mbili asubuhi. Wanaume na vijana huzoa tope na majani yaliyooza kutoka kisimani, kisha hukarabati uzio wa miti unaozuia ng'ombe wasikanyage chanzo. Kina mama hupanda masale kuzunguka uzio, maana mmea huo huku kwetu ni mpaka unaoheshimiwa bila kuandikwa. Watoto hupewa magunia wakaokote plastiki kando ya kijito hadi barabarani, na anayerudi na gunia zito zaidi ndiye anayepewa kipande cha kwanza cha nyama. Sabuni hairuhusiwi. Mawe husuguliwa kwa mchanga. Kwa ajili ya kufua nguo tumeweka jiwe pana hatua thelathini chini ya chanzo, mbali na kijito, ili maji ya sabuni yaingie kwenye migomba.

Mjomba mmoja ambaye ni mwalimu wa sayansi amewafundisha watoto kuhesabu viumbe vya majini kabla ya kazi kuanza: vyura, kaa wadogo wa mtoni, na kereng'ende wanaopepea juu ya maji. Wanaandika katika daftari moja linalokaa kwa Bibi. Hesabu yao si ya kitaalamu, mwaka mmoja kaa mmoja alihesabiwa na watoto watano. Lakini mtoto aliyeinama nusu saa akimtafuta kaa chini ya jiwe hatatupa tena chupa mahali hapo. Atawagombeza hata watu wazima, na kwetu wamekwisha kugombezwa wawili.

Saa saba tunakula pale pale chini ya mkuyu. Kuna ndizi na nyama, na kuna loshoro ya Bibi, mahindi na ndizi pamoja na maziwa ya mgando, ambayo watoto wa Dar es Salaam huikunjia uso mwaka wa kwanza na kuigombania mwaka wa pili. Kabla ya kula mzee wa familia huomba. Maombi yake ni marefu, hutaja kila mto anaoujua, na ni lazima mtu asimamie sufuria wakati huo kwa sababu ya nyani.

Ubavuni mwa mteremko tunapanda miche. Hapa ni lazima tuseme neno kuhusu aina za miti, maana moyo wa kupanda tu hautoshi. Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni, lakini unakunywa maji mengi na haufai kabisa karibu na chanzo. Kando ya maji panda mkuyu, msesewe au mringaringa. Katikati ya kahawa mgrevilia unafaa, unatoa kivuli chepesi, na matawi yake ni kuni bila kuukata mti wenyewe. Shimo liwe la kina na upana wa sentimita sitini hivi, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, na mche uwekewe uzio siku hiyo hiyo. Mbuzi haisubiri kesho. Tunaopanda Desemba tunategemea vuli ya mwisho, na mwenye wasiwasi angoje masika. Siku ya taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili, wakati mvua kubwa kwetu zimeshaanza, na mche uliopandwa siku hizo unajimwagilia wenyewe kwa miezi miwili.

Kipande cha ardhi

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya kuimba na kula tu. Mwaka ule ule wa 2022, kipande cha ardhi chenye chemchemi kilikaribia kuuzwa.

Baba mdogo wa watoto wetu, ambaye ndiye aliyerithi upande ule wa kihamba, alikuwa na binti aliyepata nafasi katika chuo cha afya cha binafsi. Ada ilikuwa kubwa. Kahawa haikuwa imemlipa chochote cha maana, na ng'ombe walikuwa wamekonda kwa ukame. Akaja mtu kutoka mjini, akapenda mkuyu, akapenda sauti ya maji, akasema atanunua nusu ekari ajenge nyumba ya wageni. Fedha aliyotaja ingelipa ada ya miaka yote mitatu na kubakisha ya bati.

Kikao cha ukoo kilikaa siku nzima. Mshili alikuwepo, na mtendaji wa kijiji aliitwa aje kueleza sheria. Alieleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Kwa maneno mengine, mnunuzi hakuruhusiwa kujenga pale alipopapenda. Sote tuligeuka kumtazama mwenye shamba, naye akasema jambo ambalo lilitunyamazisha. Alisema nyumba ngapi zimejengwa kando ya mito kutoka hapa hadi mjini, na nani kabomolewa?

Mzee mmoja akasimama na kutukumbusha habari za mwaka 1951, jinsi serikali ya kikoloni ilivyowafukuza Wameru kama elfu tatu kutoka Ngare Nanyuki na kuwachomea nyumba ili ardhi ipewe walowezi, na jinsi watu walivyochanga walichokuwa nacho hadi Kirilo Japhet akasafiri mwaka 1952 kwenda kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York. Ardhi ya watu waliofanya hivyo, mzee akasema, haiuzwi kwa ajili ya nyumba ya wageni. Wengi walipiga makofi. Baba mdogo akajibu taratibu, kwa heshima, kwamba anamshukuru Kirilo, lakini Kirilo hakuachiwa barua ya chuo mezani yenye tarehe ya mwisho ya kulipa.

Kwa upande wetu tuliona wote wawili wanasema kweli. Sisi tunaofanya kazi wodini tunajua thamani ya binti mmoja aliyesomea uuguzi au maabara. Tunajua pia kinachotokea chanzo cha maji kinapowekewa choo juu yake. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka nchini na kusambaa mikoa mingi, hakuna mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya maneno. Walilazwa kwa sababu ya maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi.

Aliyemaliza kikao alikuwa Bibi. Hakutoa hotuba. Aliuliza ada ni kiasi gani, akataka itajwe kwa sauti, kisha akaanza kuuliza mmoja mmoja: wewe utatoa nini? Miti kumi na minne ya mgrevilia iliyokomaa iliuzwa kwa mbao, yote ya upande wa juu, mbali na maji. Ng'ombe mmoja wa Bibi aliuzwa. Sisi tulikopa kwenye kikoba. Mjomba mwalimu alichukua mwaka wa pili peke yake, na mwaka wa tatu ulipatikana kwa shida ambayo hatutaisimulia hapa. Ardhi haikuuzwa. Binti amemaliza chuo, sasa anasubiri ajira huku akijitolea katika zahanati.

Deni letu la kikoba halijaisha lote. Na baba mdogo, tuseme ukweli, hajaja hata mara moja kwenye Siku ya Chemchemi tangu hapo. Huwatuma wanawe, yeye hukaa barazani. Anasema kaya kumi na moja zinakunywa kwa gharama ya mtu mmoja, na kwamba watu wa mjini hupenda sana chemchemi iliyo kwenye shamba la mwingine. Tumelifikiria neno hilo mara nyingi. Lina haki ndani yake. Katika kanisa na katika mikutano ya kijiji tunahimizwa kutunza vyanzo vya maji, lakini ni mara chache anayeulizwa ni yule ambaye ardhi yake ndiyo inayolala bila kuuzwa wala kulimwa. Tangu mwaka 2023 kaya zinazochota zimekubaliana kumpelekea kila mavuno debe moja la mahindi au mkungu wa ndizi. Saba hupeleka. Nne hukumbuka wanapokumbushwa, na Bibi hukumbusha.

Mambo ya mjini

Wasio na kihamba wasituone kuwa tunawaacha. Jijini nako kuna kazi, na nyingine haihitaji hata jembe.

Chukua sherehe zetu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku nchini, na mwenye kukumbuka jinsi ilivyokuwa ikining'inia kwenye michongoma atakubali kwamba macho yamepumzika. Lakini hudhuria sendoff moja Arusha uhesabu chupa za maji zinazobaki chini ya viti. Kikundi chetu cha kina mama kilichanga kwa muda wa mwaka mmoja kikanunua sahani, vikombe vya bati na majagi makubwa ya kutosha wageni mia mbili. Tunaazimisha kwa ada ndogo, na anayekodi anavirudisha vimeoshwa. Ada hiyo sasa inanunua miche. Mwanzoni tuliambiwa vikombe vya bati ni vya jela. Siku hizi maharusi wanaviwekea nafasi miezi mitatu kabla.

Vivyo hivyo misiba. Tunazika kihambani, na juu ya kaburi tunaweka mashada ya maua ya plastiki ambayo baada ya mvua mbili yanakuwa vipande vidogo chini ya migomba. Hili tunalisema kwa unyenyekevu kwa sababu ni jambo la machozi. Lakini tunaishi katika mkoa unaolima maua, yanayosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, na vichaka vya bougainvillea viko kila ua. Familia moja ya karibu yetu iliwaomba waombolezaji waje na ua moja bichi kila mtu. Kaburi lilifunikwa lote, na baada ya wiki mbili lilikuwa limerudi udongoni.

Nepi za kutupa, ambazo wote tunaziita pampasi, ni mtihani mgumu zaidi. Hatuwezi kumwambia mama anayefanya kazi ya duka kutwa nzima arudi kwenye vitambaa vya kufua. Tunachomwambia kliniki ni hiki: kinyesi kitupwe chooni kwanza, nepi ikunjwe ifungwe, iingie kwenye gari la taka liendalo dampo la Muriet, isiingie mtaroni, mtoni wala motoni. Moshi wa plastiki ni sumu, na mtoto anayekohoa kila jioni nyumba za jirani zinapochoma taka si lazima awe na mafua. Mabaki ya chakula yawekwe ndoo ya peke yake kwa ajili ya mbuzi wa jirani au shimo la mboji. Chupa za plastiki zifungwe kando kwa wale vijana wanaopita kuokota, maana kwao ni mkate. Ukishatoa hivyo viwili, utashangaa taka inayobaki ni kidogo kiasi gani.

Kuhusu mitaro hatuna mzaha. Aprili 12, 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko hapa jijini, na watoto wakapoteza maisha. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa mno, na hakuna anayeweza kusema mfuko mmoja wa taka ndio ulioua. Hata hivyo maji yanayonyimwa njia hutafuta njia, na mtaa wetu tangu hapo unazibua mitaro kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi bila kungoja mwenyekiti apite na kipaza sauti. Wanaokuja ni wengi wa wale wenye watoto wa shule.

Mwisho kuna furaha ya kutembea tu, ambayo familia nyingi za hapa hudhani ni ya Wazungu. Panda daladala hadi Tengeru, kisha tembea kidogo hadi Ziwa Duluti, ziwa la volkano lililozungukwa na msitu wa hifadhi. Njia inazunguka ziwa lote, na watoto wataona kenge, ndege wavuvi na miti yenye umri kuliko babu zao. Familia iliyojiwekea akiba inaweza siku moja kwa mwaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo wenyeji hulipa kiingilio kidogo sana kuliko wageni. Kuna mbega wenye mikia myeupe kama shuka, kuna twiga wasioogopa, na kuna heroe katika maziwa ya Momella. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960, na tumekutana na watu wazima waliozaliwa wakiutazama mlima kila siku ambao hawajawahi kuingia. Tulipokwenda na watoto wa shule ya Jumapili, msichana mmoja alisimama ukingoni mwa bonde la Ngurdoto akauliza kwa sauti kubwa kama nyati wale chini wanajua kwamba wao ni wetu.

Mwaka huu miche ya msesewe iko tayari kwenye makopo ya maziwa barazani kwetu Moshono, thelathini na miwili, na paka ameshaangusha mitatu. Juma lililopita baba mdogo alipiga simu. Aliulizia afya, akaulizia gereji, kisha akasema amesikia tunapeleka miche, na kama kuna mahali tunajua panapouzwa miparachichi iliyobebeshwa, tumletee kumi. Tulimwambia tutamletea. Hatukumwuliza ataipanda upande gani.